Panya Ananusa, Nani Anabisha Hodi?

Mama yule aliingia mtaani kwetu saa nane mchana, wakati ambao Mbagala nzima imejibanza kivulini. Mkononi alikuwa na kaunta buku lililochakaa pembe. Akasimama kwenye genge la nyanya, akasalimia, akauliza anapokaa mzee mmoja fundi cherehani. Alimtaja kwa majina yote matatu.

Mwenye genge akamtazama yule mama, akalitazama lile daftari, akarudisha macho kwenye nyanya zake.

"Huyo hapa kwetu hayupo."

Alikuwepo. Ukikaa pale gengeni unasikia cherehani chake kikilia nyumba ya tatu.

Mama akamgeukia kijana wa bodaboda. Naye akasema hamjui, wakati suruali aliyovaa ilipunguzwa miguu na mzee huyohuyo. Waliokulia uswahilini wameshaelewa. Mgeni mwenye daftari anayekuulizia kwa majina matatu ni mtu wa marejesho, na watu wa marejesho wakija, mtaa mzima unakuwa ukuta.

Mama hakugomba. Aliomba maji ya kunywa, akakaa kwenye benchi nililokaa mimi, akajipepea na daftari lake. Nikamuuliza ana shida gani na mzee.

"Natokea kituo cha afya, nina ujumbe wake," akasema. "Nikikwambia wewe kabla yake nitakuwa nimemkosea."

Kwa neno hilo nikainuka, nikampeleka.

Yaliyofuata nilisimuliwa na mzee mwenyewe baadaye, na ameniruhusu kuyaandika bila jina lake. Alikuwa anakohoa tangu mvua za masika. Alikwenda kupima, akatoa makohozi, akaambiwa hakuna kitu, akapewa vidonge vya kikohozi. Lakini makohozi yaleyale yalikuwa yamepelekwa kwenye maabara nyingine. Huko yakanuswa na panya aliyefunzwa, panya akayang'ang'ania, wataalamu wakayapima upya, wakakuta vijidudu vya kifua kikuu. Mama mwenye daftari alikuja kumwambia arudi kituoni aanze dozi.

Sasa anameza dawa. Usiku halali tena akiwa ameloa jasho.

Ningetakiwa kufurahi na kuishia hapo. Kilichokataa kunitoka kichwani, wiki baada ya wiki, ni lile jibu la mwenye genge. Vyuo vikuu viwili, shirika la kimataifa, wafadhili kutoka mabara kadhaa, miaka zaidi ya 20 ya utafiti wa panya wanaonusa, vyote vilikuwa vimefika mpaka kwenye genge la nyanya la Mbagala. Hapo vikaambiwa huyo hayupo.

## Walianza na mahindi

Panya buku wa Morogoro tumeshawaona kwenye taarifa za habari, kwa hiyo sitarudia kila kitu. Hadithi yao huanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens, aliyefuga panya utotoni, na katikati ya miaka ya 1990 akawaza kwamba mnyama huyo anaweza kunusa mabomu ya ardhini. Shirika lake, APOPO, lilianza Ubelgiji mwaka 1997. Mwaka 2000 likahamia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, chini ya milima ya Uluguru.

Yote hayo ni kweli. Lakini mimi napenda kuanzia nyuma kidogo.

Kabla APOPO haijazaliwa, watafiti wa SUA na wenzao wa Chuo Kikuu cha Antwerp walikuwa wameshazunguka mashamba ya Morogoro wakiwatega panya, wakiwahesabu, wakiwaachia, wakiwatega tena. Kilichowapeleka huko ni kilio cha mkulima. Panya shamba wakizaliana sana baada ya mvua, wanafukua mbegu za mahindi hata kabla hazijachipua, na mtu aliyepanda ekari mbili anajikuta anarudia kupanda kwa mbegu ya kukopa. Hilo ndilo swali lililokileta chuo shambani: panya hawa wanaongezeka lini, na kwa nini.

Weetjens alipotafuta mnyama wa kumfundisha, aliyemwelekeza kwa panya buku ni Ron Verhagen, mtaalamu wa panya kutoka Antwerp. Panya buku anaishi hadi miaka minane, kwa hiyo mafunzo hayapotei bure. Joto na magonjwa ya huku ni vya kwao. Na SUA walikuwepo watu waliowajua panya, wanaojua wanakula nini, wanaugua nini, wanazaaje.

Kwa hiyo shirika lilikuja na wazo na fedha, likakuta chuo ambacho miguu yake ilikuwa imeshachafuka kwa udongo wa mahali hapo. Nadhani hapa ndipo ushirikiano mwingi wa namna hii huharibikia. Shirika linakuwa na haraka, chuo kinakuwa na jina, wanasaini hati ya makubaliano, wanapiga picha, na hakuna kati yao aliyewahi kulala kijijini kabla ya mradi. Morogoro kulikuwa na watu ambao tayari walikuwa wamemsikiliza mkulima kwa jambo lisilohusu mabomu wala kifua kikuu, na faida ya kusikiliza kule ikaja kutokea mahali ambapo hakuna aliyetegemea.

Na Morogoro si mgeni wa mambo haya. Kampasi ya SUA ya Mazimbu ndiyo iliyokuwa shule ya wakimbizi wa Afrika Kusini, iliyojengwa na chama chao cha ukombozi, ANC, kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 na kupewa jina la Solomon Mahlangu, mpiganaji wake kijana. ANC waliikabidhi kwa Tanzania mwaka 1992, na kampasi imebaki na jina lake. Mwanafunzi wa leo anasoma katika majengo yaliyojengwa kwa michango ya watu wa nchi nyingi ambao hawakujuana, kwa ajili ya watoto wa watu wengine. Sijui kama wanafunzi wanalikumbuka hilo wakiwa na mtihani kesho. Mimi nalikumbuka kila nikipita pale.

## Mafuta ya jua masikioni

Nilipokwenda Morogoro kuwaona panya wakifundishwa, jua lilikuwa halijapanda. Wanafanya kazi alfajiri kwa sababu panya buku ni mnyama wa usiku na joto linamchosha. Kitu kilichonishangaza zaidi ni kumwona mkufunzi akimpaka panya mafuta ya kuzuia jua, masikio kwanza, kisha mkia, taratibu, kama mama anavyompaka mtoto kabla ya kumpeleka chekechea.

Halafu wakamvisha mikanda midogo kifuani. Kamba ikatandazwa kati ya wakufunzi wawili, mmoja huku mmoja kule, na panya akatembea juu ya mstari wake huku pua iko chini. Ardhini kumefukiwa mabomu yaliyotolewa makali. Alipofika mahali fulani akasimama, akanusa tena, akaanza kukwaruza udongo kwa miguu ya mbele. Ikasikika "ka!" ya kidude cha mkononi kinachomwambia panya kwamba amepatia. Panya akaacha kila kitu, akamkimbilia mkufunzi, akapewa ndizi.

Mafunzo yote huchukua karibu miezi tisa. Akifuzu, panya huyo wa kilo moja na ushee anaweza kukagua mita za mraba 200 kwa nusu saa hivi, eneo ambalo mtu mwenye mashine ya kutambua chuma anaweza kulimaliza kwa siku nne, kwa kuwa mashine hupiga kelele kwa kila msumari na kila kizibo cha soda. Panya hajali chuma, anafuata harufu ya baruti. Na kwa wepesi wake hawezi kulipua bomu.

Wa kwanza walifaulu mtihani wa viwango vya kimataifa mwaka 2004, na wakaenda Msumbiji. Kwetu sisi Msumbiji si nchi ya mbali. FRELIMO, iliyopigania uhuru wake, iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na Wamakonde wapo ng'ambo zote mbili za Mto Ruvuma. Mabomu yale yalikuwa yamelala ardhini tangu vita vya uhuru na baadaye vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha mwaka 1992. Watu waliendelea kukatika miguu wakilima, wakiteka maji, wakifuata kuni, miaka mingi baada ya kusainiwa amani. Tarehe 17 Septemba 2015 Msumbiji ilitangazwa kuwa huru dhidi ya mabomu ya ardhini yaliyokuwa yakijulikana. Kazi hiyo ilifanywa na mashirika mengi na Wamsumbiji wengi, na panya wa Morogoro walikuwa sehemu yake, hasa mkoani Gaza.

Bomu lina jambo moja jema: halihami. Ukishajua lilipo, unaweka alama, anakuja mtu wa kulitegua, na kesho utalikuta palepale.

Mgonjwa anahama.

## Maswali ya binamu

Kazi ya kunusa makohozi ilianza rasmi mwaka 2007. Sampuli zinakusanywa kutoka vituo vya afya ambavyo vimeshazipima kwa hadubini. Zinapashwa moto kwanza ili vijidudu vife, kisha zinapangwa kwenye mstari chini ya matundu ya kizimba. Panya anapita tundu moja hadi jingine. Pasipo na kitu haoni sababu ya kukaa. Akikuta harufu anayoijua, anazamisha pua na kuiacha hapo kama sekunde tatu. Sampuli 100 anazimaliza kwa takriban dakika 20, kazi ambayo kwa hadubini ingemchukua mtaalamu siku kadhaa. Zile alizozing'ang'ania zinarudiwa kupimwa na binadamu kwa njia zinazokubalika, na zikithibitika ndipo kituo kinapewa taarifa. APOPO wanasema vituo wanavyofanya navyo kazi vimeongeza idadi ya wagonjwa wanaogunduliwa kwa karibu asilimia 40.

Nina binamu anayefanya kazi maabara. Nilipomsimulia habari ya fundi, hakupigwa butwaa hata kidogo.

"Kaka, usiandike kama sisi wa maabara hatufanyi kazi," aliniambia. Akanifafanulia kwamba hadubini inahitaji vijidudu visivyopungua 5,000, pengine 10,000, katika mililita moja ya makohozi ndipo uvione. Mtu anaweza kuwa mgonjwa kabisa na akawa na pungufu ya hapo. Tena mpimaji ana foleni ya slaidi, macho yamechoka, umeme umekatika mara mbili. Aliyemwambia fundi hakuna kitu hakumdanganya. Alimwambia kilichoonekana.

Kisha akaja na swali lililonisumbua zaidi. "Kwa nini sisi tupimwe na panya? Mashine za kupima vinasaba vya TB zipo. Shirika la Afya Duniani lilizipitisha tangu 2010. Zinaona vijidudu vichache sana, na zinakuambia kama mgonjwa ana usugu wa dawa. Panya hawezi kukuambia hilo. Ulaya wangekubali?"

Sikuwa na jibu la haraka, na bado nadhani swali lake ni halali. Kuna namna ya kumsifia panya ambayo ni kumzoesha maskini kupokea kilichopo. Mtu akisema "ni rahisi, ni nafuu, kinawafaa", inabidi umuulize kama na yeye kingemfaa.

Lakini nilipochimba niliona kwamba panya hajawekwa mahali pa mashine. Yeye anapita nyuma ya waliokwisha kupima, anaokota walioachwa. Mashine moja inahitaji vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vinavyonunuliwa kwa kila kipimo, inahitaji umeme wa uhakika, na inahitaji sampuli iifikie. Panya anapunguza rundo, ili kilicho ghali kitumike pale penye shaka ya kweli. Na kuna kundi ambalo kwake nilinyamaza kabisa: watoto wadogo. Mtoto hajui kutoa makohozi, na akiyatoa huwa na vijidudu haba. Utafiti ulioongozwa na Georgies Mgode wa SUA, uliochapishwa mwaka 2018, uliangalia sampuli za watoto 982 wenye umri usiozidi miaka mitano. Hadubini vituoni ilikuwa imewagundua 34. Baada ya panya kunusa na maabara kuthibitisha, wakaongezeka 23.

Watoto 23 ambao wazazi wao walikuwa wameshaambiwa hakuna kitu, wakarudi nyumbani.

Nilimtumia binamu yangu takwimu hizo usiku. Akajibu asubuhi, kwa ujumbe mfupi: "Na wangapi kati ya hao 23 walipatikana nyumbani kwao?"

## Nyuma ya msikiti

Hapo ndipo nilipoacha kumfikiria panya.

Tazama kinachoandikwa kwenye daftari. Mgonjwa anakuja zahanati, anaulizwa anakaa wapi. Anasema "Mbagala, nyuma ya msikiti". Misikiti Mbagala nani anaihesabu? Namba ya simu anatoa ya shemeji yake, kwa sababu ya kwake haina chaji. Au anatoa ya kwake, na kabla wiki mbili hazijaisha laini imefungwa au simu imeuzwa. Wapo wanaotaja jina ambalo si lao, kwa hofu ya kuonekana wanapima TB, kwani watu wakisikia TB wanaongezea na Ukimwi kwa midomo yao. Wapo waliopanga chumba na mwezi umekwisha. Wapo waliokwenda kijijini kuuguzwa na mama, na huko kikohozi kinakuta watoto wa dada.

Majibu yanapotoka maabara, mtu huyu alikuwa ameshaambiwa hana kitu. Hasubiri simu. Hana sababu ya kurudi.

Kifua kikuu ambacho hakijatibiwa kinaweza kuambukiza watu 10 hadi 15 kwa mwaka mmoja. Duniani kiliua watu wapatao milioni 1.25 mwaka 2023, wakati dawa zipo, na hapa kwetu mgonjwa anazipata bure. Tanzania imo kwenye orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa ugonjwa huu. Kwa hiyo kati ya sampuli iliyothibitishwa na kidonge cha kwanza kuna barabara, na barabara hiyo haina pua ya panya wala shahada ya uzamivu. Ina mtu anayetembea kwa miguu na kuuliza.

Watu hao wapo. MKUTA, mtandao wa watu ambao wengi wao wamewahi kuugua kifua kikuu, umefanya kazi na APOPO kwa miaka kuwatafuta wagonjwa wa namna hii. Aliyepona ndiye anayetumwa kwa anayeumwa. Naona hii ndiyo akili kubwa kuliko zote katika mpango mzima, kubwa kuliko hata kumfundisha panya, kwa sababu aliyepona anajua kusema jambo ambalo daktari hawezi: mimi nilikohoa damu, nikameza dawa miezi sita, niangalie.

Nilimuuliza mama mwenye daftari alijuaje kukaa kwenye lile benchi badala ya kuondoka. Alinijibu kwamba aliyemtafuta yeye, miaka ile alipougua, alirudi mara tatu. Mara mbili za kwanza yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia hayupo.

## Medali

Mwaka 2013 alizaliwa Morogoro panya aliyepewa jina Magawa. Mwaka 2016 alipelekwa Kambodia, na huko akagundua mabomu 71 ya ardhini na makombora mengine 38 yasiyolipuka. Septemba 2020 shirika la Uingereza la PDSA lilimpa medali ya dhahabu ya ushujaa wa wanyama, panya wa kwanza kuipata. Alipokufa Januari 2022 vyombo vya habari vya dunia vilitangaza.

Sina kinyongo na Magawa. Kuna watu Kambodia wanatembea kwa miguu miwili kwa sababu yake.

Na najua kwa nini shirika linamtangaza. Mtu aliyeko London au Chicago anaweza kumlea panya mmoja kwa mchango wa kila mwezi, akaletewa habari zake. Fedha hizo zinalipa chakula, mishahara, maabara. Panya ana jina, ana picha, ana masikio ya kupendeza, na watu wanatoa. Ningekuwa mimi natafuta fedha, ningefanya hivyo hivyo.

Lakini mama mwenye daftari hawezi kulelewa na mtu wa Chicago. Sura yake haiwezi kutangazwa, kwa kuwa kazi yake inategemea asijulikane sana. Siku akijulikana mtaani kama "mama wa TB", kila mlango atakaougonga atakuwa ameutia aibu. Usiri wake ndio unaomfanya afae, na usiri huohuo ndio unaomfanya asionekane kwenye ripoti. Anapata posho ya nauli, inapokuwepo. Mkataba hana.

Nimejaribu kuona jambo hili kwa upande wa wanaosaini hati. Chuo kinapimwa kwa machapisho. Shirika linapimwa kwa idadi: sampuli ngapi, wagonjwa wangapi, kwa gharama ipi. Mfadhili anataka kitu kipya. Katika vipimo hivyo vyote hakuna mahali pa kuandika mchana mzima uliotumika kumtafuta mtu mmoja aliyehamia Chanika. Hakuna mtu mbaya katika mpangilio huu. Ila mpangilio wenyewe unamhesabu kila mtu isipokuwa wa mwisho, na fedha zikipungua anayeachwa kwanza ni yule ambaye jina lake halimo kwenye mkataba. Mapema mwaka 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, sote tuliona jinsi huduma za afya zinavyoweza kuyumba kwa uamuzi wa wiki moja uliofanywa mbali. Jengo la chuo halikuondoka, panya hawakuondoka. Mtu wa kujitolea anaweza kuondoka kimyakimya tu, akaenda kuuza vitumbua, na hakuna kengele itakayolia.

Serikali yetu Januari 2024 ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ikilenga zaidi ya laki moja nchi nzima ndani ya miaka mitano. Nina matumaini nao. Natamani tu wale waliowahi kuugua wasiachwe nje kwa kukosa cheti cha kidato cha nne. Wamefaulu mtihani mwingine, na mwalimu wa mtihani huo alikuwa mkali.

Natamani pia vyuo viliingize swali hili kwenye utafiti. Tumefanyiwa tafiti nyingi nzuri kuhusu pua ya panya: ananusa kemikali gani, anakosea mara ngapi, alishwe nini. Mtaa unahitaji watafiti wake pia. Kwa nini mwenye genge alisema hayupo? Angesema nini kama mama angekuja na mjumbe wa nyumba kumi? Je, mjumbe angetunza siri? Mimi nadhani wajumbe wengine wangeitunza na wengine wangeitangaza kabla ya magharibi, na hilo ni jambo la kuchunguza kwa makini, kama lilivyochunguzwa lile la panya shamba na mbegu za mahindi. Chuo ambacho kiliweza kukaa shambani misimu mingi kumsoma panya kinaweza kukaa kibarazani Mbagala kutusoma sisi.

## Alichoniomba

Kabla hatujaachana siku nyingine nilipokutana naye, nilimuuliza mama angepewa nafasi ya kukaa mezani na watu wa chuo na watu wa shirika, angewaomba nini. Nilitegemea ataje mshahara. Alianza na kitambulisho.

Alitaka kitambulisho chenye picha yake na muhuri, kisichoandikwa neno TB mahali popote, ili watu wajue hadai mtu. Alitaka vocha ya simu ya kila mwezi isiyotegemea mradi umefika robo ipi. Na alitaka kuletewa majibu ya watu aliowapata. Tangu aanze kazi hii amewafikisha vituoni watu wengi, na wengi wao hajui kama walimaliza dozi, kwa sababu akishamkabidhi mgonjwa, karatasi zinaendelea na safari bila yeye. Wengine anakutana nao sokoni wamenenepa, anajua. Wengine hawaoni tena, na haulizi kwa kuogopa jibu.

Mshahara aliutaja mwisho, kwa sauti ileile, na alitaja kiasi ambacho ni chini ya mshahara wa mlinzi wa usiku.

Nimeyaandika maombi yake yote manne na kuyatuma kwa rafiki zangu wawili, mmoja anafundisha chuo kikuu na mwingine anaandika maandiko ya miradi kwa shirika. Wa chuo amejibu kwamba suala la kurudisha majibu litabidi lipitie kamati ya maadili, kwa kuwa ni taarifa za wagonjwa, lakini anaona inawezekana mgonjwa akiombwa ridhaa mwanzoni, na ameniahidi kulipeleka. Wa shirika amejibu kwamba vocha na mshahara vinasubiri bajeti ya mwaka ujao, ila kitambulisho hakina sababu ya kusubiri. Ameomba picha mbili za pasipoti.